Kipimo cha vinasaba cha mate: ukoo kimenipatia, ukurasa wa VVU naomba waufute

Kiboksi chenyewe ni kidogo, kinaingia kwenye mkoba wa mkononi. Ndani mna mrija wa plastiki, kifuniko chenye maji ya buluu, mfuko wa kufungia na kijitabu cha maelekezo. Nilikitumia Juni 2024 nilipokwenda Leicester, Uingereza, kumwona dada yangu mkubwa. Mate niliyatemea huko huko jikoni kwake, maana huku kwetu Tanzania sampuli za vinasaba zina sheria yake tangu 2009 na msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali, si kitu cha kutia kwenye bahasha ukampa msafiri. Nusu saa kabla huli, hunywi, hutafuni wala husukutui. Halafu unatema mpaka mate yafike kwenye mstari, na povu halihesabiwi. Nilidhani ni kazi ya dakika mbili. Ilinichukua ishirini, na nadhani nisingefika mstarini kama dada asingekuwa anakaanga bagia pembeni yangu. Ukifunga kifuniko maji ya buluu yanashuka ndani, unatikisa, unapeleka posta. Pauni 79. Majibu yalikuja kwa barua pepe baada ya wiki sita.

Jina la kampuni sitalitaja, wala la tovuti ya pili nitakayoieleza. Bidhaa za namna hii ni nyingi na zinafanana, na ninalolisema linahusu zote zinazouza ukurasa kama ule niliouziwa mimi.

Ili mjue nasoma kwa macho gani: nina miaka 51, naishi Tanga mjini, nashona nguo Ngamiani. Nilipimwa nikakutwa na VVU mwaka 2006, nikaanza dawa 2007, na tangu 2015 ni mshauri rika kwenye CTC moja hapa mjini, yaani kliniki ya watu wanaoishi na VVU.

Kwa ukoo, kipimo kimefanya kazi yake. Bibi mzaa mama alikuwa Mmasai wa Handeni, jambo ambalo nyumbani lilisemwa kwa sauti ya chini, na ripoti imeonyesha damu ya Kimasai bila mimi kumdokezea mtu. Imenikutanisha pia na binamu wa upande wa baba aliyeko Mombasa, tumeongea kwa simu, tumelia. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota nne na nisingeandika maneno mengi.

Shida ilianza nilipotaka zaidi. Kampuni inakuruhusu kupakua faili la herufi zako za vinasaba walizozisoma, zaidi ya laki sita. Kuna tovuti nyingine zinazopokea faili hilo na kukutafsiria mambo ya afya. Nililipa pauni 12 kwenye mojawapo. Dakika kumi baadaye nilikuwa na kurasa arobaini na kitu: kahawa, usingizi, chumvi, upara. Ukurasa wa thelathini na moja uliandikwa kwa Kiingereza maneno ambayo kwa lugha yetu ni "Ukinzani dhidi ya VVU". Chini yake mstari wa kijani, umejaa karibu robo tatu, na neno "juu ya wastani". Kisha sentensi moja: una alama inayohusishwa na uwezo wa mwili kudhibiti virusi bila dawa.

Sijui kama mtu ambaye hajameza kidonge kila siku saa tatu usiku kwa miaka 17 anaweza kuelewa nilivyoisoma sentensi ile. Niliisoma labda mara kumi. Nilifikiria safari zote nilizoficha chupa ndani ya soksi, misiba niliyotoka nje gizani kumeza bila maji. Nilifikiria, labda muda wote huu mwili wangu ulikuwa unaweza.

Aliyenishika mkono ni mtoto wa dada, anasoma sayansi ya tiba chuo kikuu. Nilimpelekea simu, nadhani sauti yangu ilimshtua. Akasema, "Mama mdogo, hebu tukae kwanza." Tukakaa mpaka usiku wa manane, na aliyonieleza nimeyasoma tena na tena tangu siku ile, kwa sababu kazi yangu ni kuwaeleza wengine.

Kwanza alinionyesha kwamba kipimo hakikusoma kitu chenyewe. Kitu chenyewe ni aina ya jeni ya kinga ya mwili iitwayo HLA-B*57, na ni kweli kwamba watu wenye aina hiyo wamekutwa wengi zaidi miongoni mwa wale wachache wanaobeba VVU miaka na miaka bila dawa na bila kuugua. Ila kipimo cha mate kilisoma herufi moja tu iliyo jirani, kwenye sehemu iitwayo HCP5. Ni kama kumtafuta mtu kwa kuuliza nyumba ya jirani yake: mtaa ambao hakuna anayehama utampata, mtaa mwingine utagonga mlango usio wake. Kwa watu wa asili ya Ulaya herufi ile inafuatana vizuri na aina moja, B*57:01. Kwa Waafrika wengi aina inayohusishwa na kudhibiti virusi ni B*57:03, na hiyo herufi ya jirani haiionyeshi. Kwa maneno mengine, Mwafrika anaweza kuwa nayo ripoti isiione. Mimi niliyeonekana nina herufi hiyo, huenda nimeipata kwa bibi: damu za Wamasai wa Kinyawa, Kenya, zilitumika kwenye HapMap, mradi wa kimataifa wa kuchora ramani ya tofauti za vinasaba vya watu, na kwao herufi hiyo ilikutwa kwa wingi kuliko ilivyotarajiwa. Kwenye ukurasa wangu hakuna hata neno moja kuhusu hayo. Kuna mstari wa kijani tu.

Cha ajabu ni kwamba B*57:01 ina matumizi ya kweli ya kitabibu, na hayo ndiyo ripoti ingeyaweka juu kabisa. Wenye aina hiyo wako kwenye hatari ya kupata mzio mkali wakipewa dawa ya VVU iitwayo abakavia, mzio unaoweza kuua. Nchi nyingi za Ulaya hupima damu kwanza maabara kabla ya kumwandikia mtu dawa hiyo, na utafiti wa mwaka 2008 ulithibitisha kwamba upimaji huo unazuia mzio. Mimi natumia TLD, kidonge kimoja chenye dawa tatu, haina abakavia. Lakini siku daktari akitaka kunibadilishia, hilo nitalisema. Ripoti ilinipa matumaini, ikaacha onyo.

Halafu tukafika kwenye askari. Hapa naomba mnivumilie, ndipo penye utamu na ndipo ukurasa ule ulipokosa kabisa.

Karibu kila seli ya mwili ina HLA nje yake, na mimi huwaeleza wenzangu kwamba ni kama meza ya biashara mbele ya mlango. Seli inatandaza mezani vipande vidogo vya protini vilivyotengenezwa ndani. Askari wa kinga wanapita na kukagua. Wakiona kipande cha kirusi wanajua nyumba ile imevamiwa, wanaimaliza. Meza zetu zinatofautiana umbo kwa kurithi. Meza ya B*57 inashika vizuri vipande ambavyo kirusi hakiwezi kuvibadilisha bila kujidhoofisha chenyewe, ndiyo maana inasifiwa. Mwaka 2010 utafiti mkubwa wa kimataifa ulilinganisha watu wanaodhibiti VVU bila dawa na wasiodhibiti, na tofauti zote kubwa za kurithi zilikutwa eneo hilo la HLA, kwenye kromosomu ya 6.

Kirusi nacho ni kijanja. Kinaziondoa baadhi ya meza ili askari wa kwanza wasione kitu. Hapo linaingia kundi la pili, seli za NK, wauaji wa asili. Zenyewe zina vipokezi viitwavyo KIR, ambavyo kazi ya vingi ni kushika meza yenyewe kuhakikisha ipo. Ikiwepo, breki imekazwa, seli inaachwa salama. Ikikosekana, breki inaachia. Vipokezi vya KIR navyo vinatofautiana sana kati ya mtu na mtu, hata idadi ya jeni zake hailingani, na vinarithiwa kwenye kromosomu ya 19, mbali kabisa na meza. Kwa hiyo unaweza kurithi meza nzuri kwa mama na usirithi askari anayeijua meza ile. Timu ya Mary Carrington nchini Marekani ilionyesha mwaka 2002, kisha 2007, kwamba aina fulani za KIR zikikutana na kundi la meza liitwalo Bw4, ugonjwa unakwenda polepole zaidi. Kinachohesabika ni jozi. Nikamuuliza mtoto, "Sasa KIR zangu ziko wapi humu?" Akatafuta kwenye faili la herufi laki sita. Kwa kipimo cha aina hii huwezi kuzisoma. Nusu ya jozi haipo, na ile nusu iliyopo imekisiwa kwa jirani.

Na kuna kosa kubwa kuliko hayo. Tafiti alizozitumia mwandishi wa ukurasa ule ni za watu ambao hawakuwahi kumeza dawa. Mimi, na karibu kila mtu ninayemhudumia, tuko kwenye dawa. Swali letu ni lingine: mtu akiacha, nini kinatokea? Kwa walio wengi sana virusi vinarudi ndani ya wiki mbili hadi nne, kwa sababu vilikuwa vimelala ndani ya seli muda wote. Wapo wachache ambao havirudi haraka. Wanaojulikana zaidi ni watu 14 wa Ufaransa, kundi la VISCONTI, waliotangazwa 2013 na timu ya Asier Sáez-Cirión wa Institut Pasteur. Walianza dawa ndani ya wiki kama kumi tangu kuambukizwa, wakazitumia kwa takribani miaka mitatu, wakaacha, na wakakaa miaka mingi virusi vikiwa chini. Walipopimwa meza zao, wengi hawakuwa na zile zinazosifiwa. Walikuwa na zile ambazo kwa mtu asiye na dawa huhesabiwa mbaya, kama B*35. Hata timu ile iliendelea kuchunguza upande wa seli za NK, sio meza peke yake.

Nilipoelewa hilo nililia, sio kwa huzuni. Ukurasa wangu wa thelathini na moja ungempa mtu wa VISCONTI mstari mwekundu, na mimi niliyegunduliwa bila kujua nimeishi na virusi miaka mingapi unanipa kijani.

Kuhusu CCR5, kipokezi ambacho VVU hukitumia kama mlango wa kuingilia kwenye seli, nitasema kwa kifupi, kwa kuwa tovuti hizi zote huupigia debe. Kuna watu waliozaliwa wakiwa wamepungukiwa herufi 32 kwenye jeni ya kipokezi hicho kutoka kwa wazazi wote wawili, na VVU vya kawaida havipati pa kuingilia. Ni kama mtu mmoja kati ya mia kwa Ulaya ya kaskazini, na kwa Waafrika karibu hakuna. Timothy Ray Brown alipona kwa kupandikizwa uboho wa mtu wa namna hiyo, mara mbili, 2007 na 2008, kwa sababu alikuwa na saratani ya damu. Ripoti yangu iliandika "hakuna". Hilo ningeweza kulikisia bila pauni hata moja.

Sasa niseme kwa nini naandika leo.

Niliporudi Tanga niliwaonyesha wenzangu wa kikundi ule ukurasa. Nilidhani nafundisha. Nilisema yote, meza, askari, Ufaransa, nikasema pia kwamba mimi naendelea na dawa. Lakini mtu anakumbuka picha kuliko maneno, na picha niliyoipitisha mkononi kwa mkono ni mstari wa kijani. Machi 2025 binti mmoja wa kikundi alikuja kuchukua dawa siku ya 84 tangu apewe chupa ya vidonge 90. Tulikaa chumba cha ushauri, nikamwomba chupa, nikamwaga vidonge juu ya kanga tuhesabu kama tunavyofanya siku zote. Vilitakiwa vibaki 6. Tulihesabu viwili viwili. Vilibaki 57. Nikahesabu tena peke yangu, taratibu, nikitumaini nimekosea.

Hakunificha. Alisema, "Mama, wewe ulisema wapo wanaokaa bila dawa. Bibi yangu naye ni Mmasai."

Vidonge 51, siku 51. Kipimo cha wingi wa virusi kilichochukuliwa siku ile kilirudi na nakala 41,000. Mwaka uliotangulia alikuwa hagunduliki, yaani virusi vilikuwa vichache mno kipimo kisivione. Hakugombezwa, namshukuru sista wa zamu kwa hilo. Alirudishwa kwenye dawa mchana ule ule, akaingizwa kwenye ushauri wa ufuasi wa kila mwezi, na mimi niliomba niwe ninamtembelea nyumbani. Baada ya miezi mitatu alipimwa tena, chini ya 50. Dawa zilimpokea. Wapo ambao haziwapokei kirahisi hivyo, na nimewazika baadhi yao.

Mwezi huo huo wa Machi, kwenye mkutano wa wanasayansi San Francisco, timu inayoongozwa na Mkenya, Profesa Thumbi Ndung'u, ilitoa majibu ya utafiti wa Durban. Wanawake 20 walioanza dawa mapema mno baada ya kuambukizwa walipewa kingamwili maalumu na dawa ya kuamsha kinga, kisha wakaacha ARV huku wakipimwa kwa karibu na wakijua siku virusi vikirudi wataanzishwa tena. Wakati majibu yanatolewa, wanne walikuwa bado wanaendelea bila dawa. Nililisoma hilo wiki ile ile niliyohesabu vidonge 57, na nilifurahi kwa moyo wote, ni wanawake wa Kiafrika na mwanasayansi wetu. Lakini angalia vilivyowazunguka: maabara, madaktari, vipimo vya mara kwa mara. Binti wangu alikuwa na picha ya simu yangu. Na kuacha kwa kujikadiria kumekwisha kupimwa zamani. Utafiti wa SMART ulikuwa na watu 5,472, nusu wakipumzishwa dawa CD4, seli za kinga zinazoshambuliwa na VVU, zikiwa juu. Ulisimamishwa Januari 2006, mwaka ule ule niliopimwa mimi, kwa sababu waliopumzika waliugua na kufa zaidi, na maradhi ya moyo, figo na ini nayo yaliongezeka kwao.

Niliiandikia ile tovuti ya tafsiri. Nilieleza tatizo la herufi ya jirani kwa Waafrika, nikaeleza kwamba KIR hazimo, nikawaambia kuhusu binti bila kumtaja. Niliomba waufute ukurasa, au kama hawawezi, waandike juu kabisa kwa herufi kubwa kwamba haumhusu mtu aliye kwenye dawa. Jibu la kwanza lilikuwa la mashine. La pili liliandikwa na mtu, mpole, akasema ukurasa una tahadhari tayari. Ipo kweli: chini kabisa, maandishi ya kijivu, "si ushauri wa kitabibu". Niliwaandikia mara ya tatu na picha ya vidonge juu ya kanga. Hawajajibu.

Jambo jingine kwa mnaofikiria kununua: fikirieni faili lenu litakaa wapi. Mwaka 2025 kampuni moja kubwa ya Marekani ya vipimo hivi, si hii yangu, iliomba ulinzi wa kufilisika mahakamani, na mamilioni ya watu wakabaki wanajiuliza mate yao yanauzwa kwa nani. Mimi nimefuta faili langu kwenye tovuti ya pili. Kwenye ile ya kwanza nimeliacha, kwa ajili ya binamu wa Mombasa.

Kipimo cha ukoo: nyota nne. Nimeipunguzia moja kwa bei, na kwa majina ya makabila yaliyorundikwa pamoja kana kwamba Msambaa na Mzigua ni mtu mmoja. Tafsiri ya afya: nyota moja, na ile moja naitoa kwa sababu mfumo haukubali sifuri. Kipimo kinachojibu swali langu nakipata CTC bila kulipa, mara moja kwa mwaka kwa kuwa nimetulia: tone la damu linakwenda maabara, linarudi na namba. Yangu ya mwisho ilirudi Agosti. Haigunduliki.

Kama mna ukurasa kama wangu kwenye simu, nendeni nao kliniki mkauonyeshe kabla ya kugusa ratiba ya vidonge. Kama kliniki yenu haina wa kuufafanua, na mko Tanga, niulizeni siku ya Jumatano, huwa nipo chumba cha ushauri mpaka saa nane mchana. Binti naye siku hizi huwa hapo. Ndiye anayewafundisha wapya kuhesabu vidonge.